Kutoka Delano hadi Bronx: Safari katika Maigizo ya Walatino

Maigizo ya Walatino wa Marekani yameenea nchi nzima, lakini vituo vyake vikuu vinaweza kufuatwa kwa barabara: mashamba ya zabibu ya California, vitongoji vya mashariki mwa Los Angeles, San Antonio huko Texas, Tampa huko Florida, na mwisho New York. Kila kituo kina watu wake. Magharibi ni Wameksiko na watoto wao waliozaliwa Marekani, wanaojiita Wachikano. Florida ni Wakuba. New York ni Wapuerto Rico, na baadaye Wadominika. Nilipoifuata njia hiyo kutoka magharibi kwenda mashariki, jambo moja lilijitokeza karibu kila mahali: maigizo haya yaliwafuata watu wake huko huko walikokuwa, shambani, hemani, kanisani, barabarani, na mahali penyewe ndipo palipoamua yachezwe vipi. Na hadithi yenyewe, iwe ya mgomo au ya mahakama, mara nyingi huanzia sebuleni kwa familia moja.

Delano ni mji mdogo katika Bonde la Kati la California, kando ya barabara kuu namba 99. Nyumba zinapoishia, mashamba ya zabibu yanaanza, na mistari ya mizabibu inanyooka hadi jicho linachoka. Tarehe 8 Septemba 1965 vibarua Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waliacha kuvuna wakidai ujira bora. Siku nane baadaye chama cha vibarua wenye asili ya Meksiko, kilichoongozwa na César Chávez na Dolores Huerta, kikaingia mgomoni pamoja nao. Mgomo huo ulidumu hadi 1970. Ndani yake, katika miezi yake ya mwanzo, lilizaliwa El Teatro Campesino, kundi la maigizo la wakulima, na mwanzilishi wake alikuwa Luis Valdez.

Valdez alizaliwa Delano mwaka 1940, mtoto wa vibarua waliohama na mavuno. Amesimulia mara nyingi jambo lililomtokea akiwa na umri wa miaka sita. Mama yake alikuwa akimfungia chakula cha shule katika mfuko wa karatasi, na siku moja mfuko ukapotea. Mwalimu alikuwa ameuchukua, akauchanachana na kuuloweka, akautengenezea kinyago cha nyani kwa ajili ya mchezo wa shule. Mtoto akapewa nafasi ya kuigiza nyani, akafurahi sana. Wiki moja kabla ya mchezo, familia ikalazimika kuhama, naye hakuwahi kupanda jukwaani. Katika kisa hiki kuna karibu kila kitu kilichokuja kuonekana baadaye katika kazi yake: kinyago kilichoundwa kwa kilichokuwepo, familia isiyo na mahali pa kukaa, na kiu ya jukwaa. Baadaye alisoma katika chuo kikuu cha San José, akafanya kazi na kundi la San Francisco Mime Troupe lililocheza bure katika bustani za umma, kisha mwishoni mwa 1965 akarudi alikozaliwa kuwaomba viongozi wa mgomo ruhusa ya kuanzisha maigizo.

Waigizaji hawakuwepo. Pesa hazikuwepo. Wengi wa watazamaji hawakuwa wamewahi kuona tamthilia. Valdez aliwaita wagomaji wachache, akawatundikia vibao shingoni: wawili wakawa wagomaji, mmoja akawa msaliti anayekwenda kazini wenzake wakigoma. Akawaambia waonyeshe yaliyotokea siku hiyo kwenye lango la shamba. Aliyepewa kibao cha msaliti alianza kujitetea, wale wawili wakamvamia kwa maneno, na chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo mtindo ukawa umepatikana. Kundi liliuita mchezo wa namna hiyo *acto*: kipande kifupi kinachotungwa kwa pamoja bila maandishi, chenye vichekesho vingi na hoja moja iliyo wazi.

Ukisimama kando ya shamba unaelewa kwa nini mtindo ulikuwa hivyo. Jukwaa lilikuwa nyuma ya lori lisilo na kuta, limeegeshwa barabarani. Watazamaji walikuwa wamechoka, wengine wakiwa bado ndani ya mizabibu, na wanyapara wakiwa karibu wakisikiliza. Mwigizaji hakuwa na nafasi ya kumtambulisha mhusika polepole. Kibao cha shingoni kilifanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Sauti ilibidi ivuke barabara, na mwili ulibidi useme kabla ya maneno, kwa kuwa katika kundi lile la wasikilizaji kulikuwa na Kihispania, Kiingereza na lugha za Ufilipino.

Mchezo maarufu wa wakati huo ni "Las Dos Caras del Patroncito" wa mwaka 1965, na kwangu ndio uliokamilika kuliko yote ya miaka ile. Kibarua anapogoa mizabibu. Anaingia tajiri wake amevaa kinyago cha nguruwe, ana sigara kubwa mdomoni na mlinzi mwenye silaha nyuma yake. Tajiri analalamika: gari, nyumba ya mlimani na mke mwenye matumizi makubwa vimemchosha, kibarua ana raha, anaishi bila wasiwasi. Basi anapendekeza wabadilishane kidogo, kwa mzaha tu. Anavua kinyago, anampa kibarua kofia, mjeledi na sigara. Kibarua anaanza kwa woga, kisha ulimi unazoea, anamtukana tajiri kama alivyokuwa akitukanwa yeye. Mlinzi anaporudi hamtambui bwana wake bila kinyago, anamburuta nje huku tajiri akilia akimwita Chávez amwokoe. Kibarua anabaki peke yake na kila kitu cha tajiri. Anaamua kurudisha vyote, anabaki na sigara tu. Wavunaji walioutazama walikuwa wamemwona mtu yule asubuhi ile ile akipita na gari lake, na sasa walimwona akiwa uso wa karatasi unaoweza kuvaliwa na yeyote.

Masika ya 1966 wagomaji walitembea kwa miguu kutoka Delano hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Waliondoka tarehe 17 Machi wakafika Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili. Usiku, katika miji waliyolala, kundi la Valdez lilipanda jukwaani. Mwaka huo huo lilionyesha "La Quinta Temporada", ambamo misimu ya mwaka ni wahusika: Kiangazi anaingia na noti zimebandikwa nguoni, naye nyapara anampokonya kibarua noti hizo.

Mwaka 1967 kundi lilijitenga na chama cha vibarua. Mambo ya kusema yalikuwa yameongezeka: shule, vita vya Vietnam, na vijana wa mjini waliozaliwa mbali na shamba. Katika "Los Vendidos" ya mwaka huo, karani kutoka ofisi ya gavana anaingia dukani kununua Mmeksiko wa kupamba ofisi. Anaonyeshwa mifano kama mashine: kibarua, kijana wa mtaani, mwanamapinduzi, na mwisho msomi mwenye suti. Anamnunua msomi, naye anageuka na kupiga kelele za mapambano. Karani anakimbia, na hapo inajulikana kwamba mashine zote ni watu hai. Aliye mashine ni muuza duka.

Baada ya kuhamahama, mwaka 1971 kundi lilitua San Juan Bautista, mji mdogo upande wa magharibi wa milima, na huko ndiko liliko hadi leo. Ukumbi wake uko katika lililokuwa ghala la kufungashia mazao. Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la misheni ya Wahispania iliyoanzishwa mwaka 1797, na msimu wa Krismasi kundi huhamia ndani yake. Mwaka mmoja huchezwa "La Virgen del Tepeyac", kisa cha Bikira Maria kumtokea Mwindio Juan Diego huko Meksiko mwaka 1531. Mwaka unaofuata huchezwa "La Pastorela", safari ya wachungaji kwenda Bethlehemu huku mashetani wakiwazuia njiani. Wenyeji wa mji, wakubwa kwa watoto, huigiza pamoja na kundi. Wapo waliomlaumu Valdez kwamba ameacha mgomo akakimbilia dini. Lawama hiyo haina uzito: kibarua yule yule aliyetembea hadi Sacramento alitembea nyuma ya bendera ya Bikira huyo huyo, wa Guadalupe, na ibada na mgomo vilikuwa katika maandamano mamoja.

Los Angeles ndiko Valdez alikoingia katika majumba makubwa. "Zoot Suit" ilifunguliwa katika ukumbi wa Mark Taper Forum mwaka 1978, na msingi wake ni kesi ya kweli. Agosti 1942 kijana José Díaz alikutwa taabani karibu na bwawa lililoitwa Sleepy Lagoon, akafa. Vijana 22, karibu wote wenye asili ya Meksiko, wakashtakiwa kwa pamoja; Januari 1943 wengi wao walitiwa hatiani. Mahakama ya rufani ilifuta hukumu hiyo mwaka 1944. Katikati ya hayo, Juni 1943, mabaharia na askari waliingia mitaani Los Angeles kuwapiga vijana waliovaa suti za mabega mapana na suruali pana zilizobana miguuni, wakawavua hadharani.

Tamthilia inaanza na pazia ambalo ni ukurasa mkubwa wa gazeti. Kisu kinatokeza kutoka nyuma, kinalipasua gazeti kutoka juu hadi chini, na kupitia ufa huo anatoka El Pachuco akiwa amevaa suti kamili, akinyoosha mikunjo na kuchana nywele bila haraka. Mwigizaji wake wa kwanza alikuwa Edward James Olmos. Kwa tendo hilo moja mtazamaji ameshaambiwa nani aliyewahukumu vijana wale kabla ya hakimu. Lakini moyo wa mchezo uko nyumbani kwa akina Reyna. Mwana mkubwa, Henry, anajiandaa kwenda jeshini. Binti anatokea na sketi fupi ya kisasa, na baba anamwamuru akabadilishe. Mama anahangaika kuwapatanisha kabla watoto hawajatoka kwenda dansi. Baba anataka wanawe wawe Wameksiko, mtaa unawataka wawe kitu kingine, na serikali inawaona wahalifu. Mwisho wa mchezo si mmoja: maisha ya Henry yanasimuliwa kwa njia kadhaa, gerezani, vitani Korea, au nyumbani na watoto, na hakuna hata moja inayopewa neno la mwisho.

Los Angeles iliipokea kwa shangwe, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuingia ukumbini walipanga foleni. Mwaka 1979 ilipelekwa Broadway, tamthilia ya kwanza ya Kichikano kufika huko, ikafungwa baada ya maonyesho 41. Wahakiki wa New York hawakuipenda. Naona sababu kubwa ni kwamba walitazama kama wageni wa mtaa ule, ilhali mchezo uliandikwa kwa watu waliokuwa na mjomba au baba ndani ya suti zile. Mark Taper iliurudisha jukwaani mwaka 2017, nao ukajaza ukumbi tena.

Mashariki ya mto wa Los Angeles kuna Boyle Heights, mtaa wa Mariachi Plaza, uwanja ambapo wanamuziki husubiri kukodiwa kwa harusi na sherehe. Katika First Street, barabara inayopita hapo, kuna ukumbi mdogo wa CASA 0101, ulioanzishwa mwaka 2000 na mtunzi Josefina López. Yeye alizaliwa San Luis Potosí, Meksiko, akaletwa Boyle Heights akiwa mtoto mdogo, akakua bila makaratasi ya ukaazi. Tamthilia yake "Real Women Have Curves" ilionyeshwa kwa mara ya kwanza San Francisco mwaka 1990, ikawa filamu mwaka 2002, na mwaka 2025 ikafika Broadway kama mchezo wa muziki.

Mahali pake ni kiwanda kidogo cha kushona nguo mashariki mwa Los Angeles, mwaka 1987. Wanawake watano wanahangaika kumaliza oda ya magauni. Sheria ya mwaka 1986 imewapa wengi wao ukaazi halali, lakini Estela, mwenye kiwanda, bado hana. Basi mlango unafungwa kwa kuogopa maafisa wa uhamiaji, na joto linapanda. Ana, mdogo wake mwenye umri wa miaka 18 anayetaka kwenda chuo, anajificha chooni kuandika katika daftari lake. Mama yao, Carmen, anaamini ana mimba, na kumbe ni ukomo wa hedhi. Joto linapozidi, mmoja anavua blauzi, mwingine anafuata, na mwishowe wote wamebaki na nguo za ndani, kila mmoja akionyesha michirizi ya tumbo na kovu la upasuaji, wakibishana nani mnene zaidi. Mama anaona haya, kisha naye anacheka. Woga wa maafisa na aibu ya mwili vimewekwa katika chumba kimoja chenye mlango mmoja; ndiyo maana mchezo huu unachezwa mara kwa mara na vikundi vya shule na vya mitaa, ambavyo havihitaji mapambo ya gharama. Cherehani chache zinatosha.

Texas inapitwa haraka na wengi, ingawa ndiko mizizi ya zamani iliko. San Antonio ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na majumba ya maonyesho ya Kihispania, likiwemo Teatro Nacional lililofunguliwa mwaka 1917, na kwa masikini kulikuwa na *carpas*, mahema yaliyohama mji hadi mji yakiwa na wanasarakasi, waimbaji na wachekeshaji. Carpa García, ya familia moja ya San Antonio, ilianza mwaka 1914 na kuendelea hadi miaka ya 1940. Mchekeshaji wa hemani alikuwa mtu wa suruali chakavu, anayewazidi akili polisi na matajiri na kumcheka jamaa aliyejifanya amesahau Kihispania. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, filamu zenye sauti, na kurudishwa Meksiko kwa mamia ya maelfu ya watu, raia wa Marekani wakiwemo, vilimaliza sehemu kubwa ya watazamaji. Valdez na wenzake walipoegesha lori lao Delano, vichekesho vile vilikuwa bado katika kumbukumbu za wazee.

Tampa ina mtaa wa Ybor City, uliojengwa kuanzia miaka ya 1880 kwa viwanda vya sigara zinazosokotwa kwa mkono. Majengo ya vyama vya kusaidiana, kama Círculo Cubano na Centro Asturiano, bado yamesimama, na kila chama kilijenga ukumbi wa maonyesho pamoja na huduma za matibabu kwa wanachama wake. Katika miaka ya 1930, mradi wa serikali wa kuwaajiri wasanii uliweka Tampa kundi lake la Kihispania. Kiwandani wasokotaji walimlipa kwa michango yao msomaji aliyekaa kwenye kizimba cha juu na kuwasomea magazeti asubuhi na riwaya baadaye. Mwaka 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji.

Nilo Cruz, aliyezaliwa Matanzas, Kuba, mwaka 1960 na kuhamia Miami akiwa na umri wa miaka tisa, aliweka "Anna in the Tropics" katika kiwanda cha namna hiyo mwaka 1929. Msomaji mpya anawasomea riwaya ya Tolstoi kuhusu Anna Karenina, na riwaya inaanza kuingia ndani ya familia ya mwenye kiwanda: binti mmoja anaitazama upya ndoa yake, mwingine anazama katika ndoto, na jamaa mmoja anayetaka kuleta mashine anamchukia msomaji hadi kumpiga risasi. Tamthilia ilionyeshwa kwanza mwaka 2002 katika ukumbi mdogo wa Coral Gables, karibu na Miami, na mwaka 2003 ikampa Cruz Tuzo ya Pulitzer, Mlatino wa kwanza kuipata katika tamthilia.

New York inapaswa kuanza na mtunzi wa Puerto Rico, René Marqués. "La Carreta" yake ilichezwa huko mwaka 1953, wakati ndege zilikuwa zikileta maelfu ya Wapuerto Rico. Sehemu ya kwanza ni shamba la milimani, ambako familia inapakia vyombo kwenye mkokoteni wa ng'ombe huku babu akikataa kuondoka. Ya pili ni La Perla, mtaa wa vibanda kando ya bahari, San Juan. Ya tatu ni Bronx. Luis, kijana anayeamini kwamba mashine ndizo zitakazowaokoa, anafia kwenye mashine ya kiwandani, na mama na binti wanaamua kurudi kijijini. Mwisho huo ulizua mabishano, kwa sababu wengi wa waliokuwa ukumbini hawakurudi wala hawakuwa na shamba la kurudia. Mwaka 1966 ilichezwa kwa Kiingereza, Miriam Colón akiwa mmoja wa wahusika wakuu pamoja na Raúl Juliá kijana. Mwaka uliofuata Colón alianzisha Puerto Rican Traveling Theatre, akaipeleka tamthilia hiyo mitaani na bustanini, bure, kwa watu wale wale iliowahusu. Kundi baadaye lilipata makao katika kituo cha zamani cha zimamoto, mtaa wa 47 upande wa magharibi, jirani kabisa na Broadway.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na swali tofauti. Katika "La Gringa" ya Carmen Rivera, inayoonyeshwa na kundi la Repertorio Español tangu 1996, María wa New York anakwenda Puerto Rico akidhani amefika kwao, na ndugu zake wanamwita Mmarekani. Mjomba mgonjwa, Manolo, ndiye anayempokea jinsi alivyo. Tamthilia ni nyepesi, yenye nyimbo na chakula cha sikukuu, na haikusudii makuu; lakini imedumu kuliko nyingi zilizosifiwa zaidi, kwa kuwa kila mwaka wapo vijana wanaoingia ukumbini wakitoka kwenye safari kama hiyo. Mwaka 2008 Lin-Manuel Miranda na Quiara Alegría Hudes waliileta Washington Heights, mtaa wa Wadominika na Walatino wengine, hadi Broadway kwa "In the Heights", ikapata Tuzo ya Tony ya mchezo bora wa muziki. Swali lao ni la wenye duka dogo, wenye saluni na bibi aliyelea mtaa mzima: wabaki au wahame, na kodi ya nyumba imeshapanda.

Bronx yenyewe ina Pregones, kundi lililoanzishwa mwaka 1979 na Rosalba Rolón na wenzake. Lilianza kwa kuzunguka, likakaa miaka kadhaa katika kanisa la St. Ann, kusini mwa Bronx, wakati majengo mengi ya mtaa huo yalikuwa yameungua. Ukimwi ulipoingia katika familia na watu wakaogopa kuutaja, Pregones ilitunga "El Abrazo" kwa mbinu ya Mbrazili Augusto Boal. Familia ya jukwaani inamkataa ndugu yao aliyeambukizwa. Kisha onyesho linaanza upya, na mtazamaji yeyote anaweza kusimamisha tukio, kupanda jukwaani, kuchukua nafasi ya mama au kaka, na kujaribu kusema lile ambalo angetaka lisemwe nyumbani kwake. Mwaka 2005 kundi lilifungua ukumbi wake Walton Avenue, na baadaye likaungana na kundi la Miriam Colón. Sasa chombo kimoja kinaendesha nyumba mbili, ile ya Bronx na kile kituo cha zimamoto cha mtaa wa 47, kikicheza kwa Kihispania na Kiingereza, mara nyingi ndani ya onyesho moja.